Kabla hamjanunua gari la familia, pimeni kwanza umbali

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, mazungumzo haya huanza wiki ambayo mvua imenyesha mfululizo, au siku ambayo mtoto amerudi kutoka shule giza limeshaingia.

"Mama watoto, bila gari hapa hatuwezi," anasema baba huku akivua viatu vilivyojaa tope.

"Gari sawa, baba watoto. Mafuta je? Na ada ya Januari?" anajibu mama bila kuinua macho kwenye sufuria.

Mazungumzo huishia hapo, kisha wiki inayofuata hurudi upya. Mmoja anaona gari ni usalama wa watoto. Mwingine anaona ni kama kuongeza mtoto ambaye haendi shule lakini anakula kila siku. Wote wawili wana hoja.

Ubishi huu haupo Dar es Salaam pekee. Katika miji mingi duniani wapo wanaosema maisha ya mjini bila gari ni mateso, na wapo wanaosema magari ndiyo yaliyoifanya miji iwe ya mateso. Kwa mzazi, hata hivyo, swali hili si la kinadharia. Linahusu saa anayoamka mtoto, mtu anayemvusha barabara na mahali unapoishia mshahara.

Jambo moja husahaulika katika mazungumzo haya. Gari halifupishi umbali. Mara nyingi, kabla familia haijaanza kubishana kuhusu gari, imeshaamua mambo mawili makubwa zaidi: mahali pa kuishi na shule ya watoto. Maamuzi hayo mawili ndiyo yanayoamua kama gari litakuwa msaada au mzigo.

Safari huanzia kwenye kiwanja

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilikuwa imehesabu 4,364,541. Ndani ya miaka kumi waliongezeka zaidi ya watu milioni moja, na mji umezidi kutanuka kuelekea Kibamba, Bunju, Goba, Chanika, Mbagala hadi Kongowe.

Sababu ya watu kwenda pembezoni inaeleweka. Kodi ya nyumba mjini hulipwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka mzima. Kiwanja cha mbali bei yake ni nafuu. Familia inanunua, inajenga kidogo kidogo, inahamia kabla hata ya kuweka madirisha ya vioo, na siku hiyo inapumua kwa mara ya kwanza kwa sababu hakuna mwenye nyumba wa kugonga mlango. Kujenga ni heshima, na ni urithi wa watoto. Hakuna wa kumlaumu mzazi kwa hilo.

Tatizo ni kwamba bei ya kiwanja haikuisha siku ya kusaini karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Sehemu yake nyingine hulipwa kila asubuhi. Kazi imebaki Posta, biashara imebaki Kariakoo, na shule ambayo mtoto ameizoea iko upande mwingine wa mji. Baada ya mwaka mmoja wa kugombania daladala, gari linakuwa si anasa tena. Linakuwa nusu ya pili ya bei ya kile kiwanja, nusu ambayo hakuna aliyeitaja wakati wa kununua.

Hesabu ya mwezi mmoja

Chukua mfano wa familia ya baba, mama na watoto wawili wanaosoma, inayoishi kilomita 25 kutoka mjini. Kila familia itaweka namba zake, lakini njia ya kuhesabu ni hii.

Kwenda na kurudi ni kilomita 50 kwa siku. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja kwenye foleni litatumia lita tano. Tukichukulia petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 15,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi inafika shilingi 330,000.

Ongeza oili, matairi, spea, bima, maegesho na zile safari za gereji ambazo fundi huanza kwa kusema "ni kitu kidogo tu". Tukitenga shilingi 80,000 kwa mwezi, jumla ni 410,000. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na makato yake yakahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayetembea kilomita nyingi hulipa zaidi hata kama haoni risiti yake.

Upande wa pili, tuseme kila mzazi anatumia shilingi 3,000 za nauli kwa siku, na kila mtoto analipa nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200 kwenda na 200 kurudi. Kwa siku 22 familia nzima inatumia shilingi 149,600. Ongeza shilingi 60,000 za bajaji na teksi kwa siku za mvua, za kliniki na za msiba. Inakaribia shilingi 210,000.

Tofauti ni shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Hapo bado gari lenyewe halijalipiwa. Kama limenunuliwa kwa shilingi milioni 15 na likatumika miaka mitano, ni sawa na kutenga shilingi 250,000 nyingine kila mwezi, bila kuhesabu riba ya mkopo.

Mpaka hapo mama wa kwenye sufuria ameshinda. Lakini hesabu haijaisha. Chukua gari lile lile, uipe familia inayoishi kilomita tano kutoka kazini na shuleni. Kwenda na kurudi ni kilomita 10, lita moja kwa siku. Mafuta ya mwezi yanakuwa shilingi 66,000 badala ya 330,000. Gari halijabadilika na bei ya mafuta haijabadilika. Kilichobadilika ni umbali.

Na familia hiyo ya karibu inaweza hata kulikosa gari kwa miezi mitatu, likiwa gereji, na maisha yakaendelea. Familia ya mbali ikilikosa kwa siku mbili, kazi, shule na biashara vyote vinayumba. Kuwa na gari ni jambo moja, na kushindwa kuishi bila gari ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili ndilo linaloziumiza familia.

Saa kumi na nusu alfajiri

Fedha inaweza kutafutwa. Muda wa utoto haurudi.

Ukisimama barabarani Mbezi au Tegeta kabla ya adhana ya alfajiri utawaona watoto wa darasa la kwanza na la pili wakisubiri basi la shule, mabegi mgongoni, wengine wamelala wakiwa wamesimama. Wameamshwa saa kumi na nusu ili basi liwahi kuzunguka mitaa yote kabla foleni haijafunga.

Wataalamu wa usingizi nchini Marekani wanapendekeza mtoto wa miaka sita hadi 12 alale saa tisa hadi 12 kwa siku. Mtoto anayeamka saa kumi na nusu alfajiri, ili apate hata zile tisa za chini, anatakiwa awe amelala saa moja na nusu usiku. Katika nyumba nyingi, muda huo mtoto ndiyo kwanza ameoga, bado hajala na daftari la mazoezi halijafunguliwa.

Baba naye akiingia saa tatu usiku anakuta wamelala. Anaondoka alfajiri, anarudi usiku, na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa anawaona watoto wake kwa mwanga wa simu. Wapo wanaodhani gari litalitatua hili. Mara nyingine linasaidia, hasa kama wazazi na watoto wanaelekea upande mmoja. Lakini gari binafsi halina njia yake barabarani. Linasimama kwenye foleni ile ile na daladala. Ili kuikwepa, familia yenye gari nayo huamka saa kumi na nusu, watoto wakamalizia usingizi kiti cha nyuma na kunywa chai kwenye chupa getini mwa shule.

Pale gari linapohitajika kweli

Si haki kumwambia kila mzazi aachane na gari. Mwenye mtoto mwenye ulemavu anajua ni mara ngapi konda ameangalia pembeni akijifanya hajaona kiti cha magurudumu. Mwenye mtoto wa pumu anajua saa nane za usiku zinavyokuwa ndefu wakati bajaji haipatikani. Mjamzito, mzee anayeishi na familia, mama mwenye biashara ya vyakula anayebeba masufuria alfajiri, wote hao wana sababu.

Wapo pia mabinti wanaofunzwa na mama zao namna ya kujikinga na mikono ya watu ndani ya basi lililoshona. Na kila mzazi wa Dar es Salaam anaijua picha ya wanafunzi waliojazana kituoni, konda akiwazuia mlangoni kwa sababu nauli yao ni ndogo, na watoto kuamua kugeuza na gari ili wapate hata pa kusimama. Mzazi anayenunua gari kwa sababu ya mambo haya hajavamiwa na tamaa. Anakimbia tatizo ambalo hajapewa njia nyingine ya kulitatua.

Kosa hutokea pale hofu inapomsukuma mzazi kwenye kitu cha hatari zaidi. Pikipiki ni mfano. Kanuni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki zinakataza kumbeba mtoto wa chini ya miaka tisa, lakini asubuhi yoyote utaona mishikaki ya watoto watatu katikati ya dereva na dada yao, hakuna hata mmoja mwenye kofia ngumu. Kama jibu la umbali wa shule ni bodaboda kwa mtoto wa miaka sita, basi tatizo ni umbali wa shule.

Gari linalomlinda wako na mtoto wa jirani

Kuna upande ambao hesabu ya familia moja haiuoni. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka mitano hadi 29 duniani. Watu takriban milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali hizo, na wengi wao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki.

Angalia geti la shule yoyote kubwa saa moja asubuhi. Mzazi mmoja anarudi nyuma na gari, mwingine amesimama katikati ya barabara anamshusha mtoto upande wa magari, wa tatu anapiga honi kwa sababu amechelewa kazini. Katikati yao wanapita watoto waliokuja kwa miguu, na urefu wao haufiki kwenye kioo cha dereva. Kila mzazi pale ameleta gari ili mwanawe awe salama. Magari hayo kwa pamoja ndiyo hatari ya asubuhi hiyo.

Dar es Salaam yenyewe imeonyesha kwamba jambo hili lina dawa, tena dawa isiyo ghali. Shirika la Amend lilikuwa na mradi unaoitwa SARSAI katika shule za msingi ambazo wanafunzi wake walikuwa wakigongwa mara kwa mara. Wataalamu walifuata njia wanazopita watoto, kisha wakaweka vitu vya kawaida: njia ya waenda kwa miguu, matuta, pundamilia, alama, nguzo za kuzuia magari kupanda pembeni, na pengine geti la shule kuhamishwa kutoka barabara kuu kwenda mtaa wenye utulivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha majeraha ya barabarani kwa watoto yalipungua kwa asilimia 26. Mwaka huo huo mradi ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross.

Katika shule hizo hakuna aliyepiga marufuku magari. Yalipunguzwa mwendo tu, na watoto wakapewa mahali pao pa kupita. Mwaka 2020 mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Sweden, ulipendekeza mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Kwa Tanzania, kikomo cha kawaida katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa.

Waswahili wanaujua mji usio na magari

Anayedhani mji bila magari ni ndoto ya Wazungu aende Lamu. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Mizigo hubebwa na punda na mikokoteni, na safari za nje ya mji hufanywa kwa mashua. Mji Mkongwe wa Unguja nao una mitaa mingi ambayo mwenye gari hulazimika kuliacha nje.

Katika mitaa ya namna hiyo mtoto hutumwa dukani na kurudi kabla chai haijachemka. Huenda madrasa na wenzake, na mzee aliyekaa kwenye baraza anamjua yeye ni wa nani. Siri ya maisha hayo ni kwamba duka, msikiti, shule na nyumba ya bibi vyote vimo ndani ya hatua mia kadhaa, ndiyo maana watu waliweza kuishi bila magari.

Maisha hayo nayo yana ugumu wake. Kumtoa mgonjwa asiyeweza kutembea kwenye kichochoro ni kazi, kupandisha saruji kwa punda ni gharama, na Lamu yenyewe pikipiki zimeanza kuwa mjadala. Lakini kinachowezekana huko ni uthibitisho kwamba mtoto wa mjini anaweza kukua akitumia miguu yake. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka mitano hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku. Dakika 20 za kutembea kwenda shule na 20 za kurudi ni sehemu kubwa ya hizo, bila kulipa mtu.

Wazazi waliodai barabara

Leo Uholanzi inasifiwa kwa baiskeli, na wengi hudhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa barabarani nchini humo, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Magari yalikuwa yameongezeka kwa kasi na mitaa ilipanuliwa ili yapite.

Mwaka 1972 mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake mdogo kwa ajali ya barabarani, aliandika makala kali gazetini. Wazazi wakaungana chini ya jina zito, Stop de Kindermoord, maana yake "komesheni mauaji ya watoto". Walifunga mitaa ili watoto wacheze, wakaandamana kwa baiskeli, wakabisha hodi kwa wanasiasa. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda duniani, serikali ikatangaza Jumapili zisizo na magari, na watu wakaona mitaa yao inaweza kuwaje. Ikafuata mitaa ya makazi ambayo gari huingia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwaka 2010 watoto waliokufa barabarani walikuwa 14.

Waholanzi hawakuacha magari, bado wanayo mengi. Walichokataa ni mtoto kuwa lazima apakiwe kwenye gari ndipo afike shule akiwa hai.

Mwendokasi na mwanya wake

Dar es Salaam ilianza safari yake Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kupita Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco, jumla takriban kilomita 21. Mabasi yana njia yake, vituo viko usawa wa mlango wa basi, na mama mwenye mtoto mgongoni au mtu wa kiti cha magurudumu haingii kwa ngazi. Mwaka 2018 jiji lilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, la kwanza Afrika kuipata.

Msongamano wa vituoni asubuhi na jioni hauhitaji kuelezwa kwa anayepanda kila siku. Bado kwa familia inayotafuta pa kupanga au kununua, ramani ya mwendokasi na ya treni ya abiria ya mjini, ile iliyoanza mwaka 2012 na watu wakaiita treni ya Mwakyembe, ina thamani kuliko picha ya kiwanja yenye maneno "umeme upo, maji yapo". Nyumba iliyo dakika kumi kwa miguu kutoka kituoni ni nyumba tofauti na ile inayohitaji bodaboda mbili kufika lami.

Maswali ya kikao cha familia

Kabla ya kwenda benki au kwa muuza magari, baba na mama wakae na karatasi. Watoto wakubwa nao waitwe, kwa sababu wao ndio wanaoamshwa alfajiri.

La kwanza: nani anakwenda wapi, na saa ngapi? Andikeni safari zote za wiki. Mara nyingi hugundulika kwamba kazi za wazazi ziko pande mbili za mji, kwa hiyo gari moja litambeba mmoja na mwingine ataendelea kulipa nauli.

La pili: ni safari ipi inayotutesa zaidi? Kama ni ya shule, pengine jibu ni shule na si gari. Shule ya umbali wa kutembea yenye walimu wanaofundisha inaweza kumpa mtoto zaidi ya ile yenye jina inayomchukua saa nne barabarani kila siku. Nendeni mkaione, muulize matokeo yake, muongee na mwalimu mkuu.

La tatu: fedha ya gari ingefanya nini kingine? Ingeweza kuongeza kodi ya nyumba ya karibu, au kulipia masomo ya ziada, au kuongeza chumba kwenye nyumba mliyonayo na kukipangisha.

La nne: kama mna nyumba mbali na hamuwezi kuhama, gari litafanya kazi gani hasa? Familia nyingine hulitumia kufika kituo cha mwendokasi tu, au huliweka kwa ajili ya hospitali, shamba na mwisho wa wiki. Gari la namna hiyo halimalizi mshahara.

La tano: tukiwa nalo, litawatendea vipi watoto wa wengine? Mshushe mtoto mita mia kabla ya geti na mtembee pamoja. Akae kiti cha nyuma na afungwe mkanda, asipakatwe mbele. Usirudi nyuma na gari penye watoto bila mtu mzima wa kukuongoza.

Kwa wenye watoto wanaotembea, wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu, mtu mzima mmoja akaongoza kundi asubuhi na mwingine jioni. Na kamati ya shule ina haki ya kuandika barua kuomba matuta na pundamilia. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua yenye sahihi za wazazi hamsini na mchoro wa mahali watoto wanapovukia ni ngumu kuipuuza kuliko malalamiko ya kituoni.

Pengine baada ya kikao hicho familia itanunua gari, na itakuwa sawa. Pengine itahamisha mtoto shule. Vyovyote iwavyo, Jumamosi moja asubuhi, kabla ya kusaini chochote, mshikeni mtoto mkono mtembee naye kutoka mlangoni kwenu hadi shule iliyo jirani. Hesabuni dakika. Angalieni anavukia wapi, na nani anapunguza mwendo anapomwona.